Kufundisha Isimu ya Kiswahili kwa Mtandao: Maelezo ya Njia Zifaazo

Makusudio ya makala haya ni kueleza, kwa kadiri nafasi iruhusuvyo, namna masomo ya chuo kikuu yawezavyo kufundishwa kwa mtandao yakafaa, na hasa masomo ya isimu ya Kiswahili. Sikusudii kuzungumza juu ya mitambo. Mitambo hubadilika kila mwaka, na mwenye kutaka kujua abonyeze wapi atapata maelezo yake kwingine. Ninalotaka kulichungua ni kazi ya mwalimu: apange nini, aulize nini, asahihishe vipi, na ajue kwa ishara gani kwamba mwanafunzi asiyemwona ameelewa.

Jambo hili si dogo. Wasomao kwa njia hii aghalabu si vijana wakaao mabwenini, wenye maktaba mkono wa kulia na rafiki wa kuulizwa mkono wa kushoto. Ni walimu wa skuli walio kazini, ni mama wenye watoto wadogo, ni askari, ni wauguzi wa zamu, ni makarani wa wilaya zilizo mbali. Watu hao wakipewa somo bovu hawana mlango wa kugonga. Cheti chao kitaandikwa kwa wino ule ule wa wenzao, lakini ndani kitakuwa kitupu. Na mwalimu wa sekondari aliyefundishwa sarufi nusu atakwenda kuwafundisha watoto kila mwaka nusu ya ile nusu yake. Hasara ya somo bovu, basi, haimwishii yule aliyelipa ada.

Wako wenzetu wasemao kwamba sayansi ya lugha haifundishiki hivyo, na hoja yao huifunga kwa methali: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali ni ya kweli, wala sina nia ya kuipinga. Walakini hapana budi kwanza tuulize ni umbali gani unaosemwa, maana yuko mwanafunzi akaaye safu ya nyuma katika ukumbi wa watu mia nne ambaye fimbo ya mwalimu haijapata kumfikia.

1. Mambo Yalivyoanza

Kufundisha watu walio mbali hakukuanza na kompyuta. Mnamo mwaka 1840 Isaac Pitman, huko Uingereza, alianza kupeleka masomo ya hati mkato kwa posta. Mwanafunzi alipata kadi yenye zoezi, akalifanya, akalirudisha, na mwalimu akalisahihisha na kumpelekea tena. Jambo la kuzingatia hapa si kadi iliyokwenda, bali ile iliyorudi. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiohudhuria masomo katika vyuo vyake. Na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Kile Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1969, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971.

Kwetu Afrika ya Mashariki tunao urithi wetu wenyewe katika jambo hili, na ni ajabu kwamba hautajwi mara nyingi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu wapatao 2,000,000 walishiriki. Masomo yalitangazwa kwa redio, kwa Kiswahili. Lakini redio haikuachwa ifundishe peke yake. Palikuwa na vitabu vilivyochapwa, palikuwa na vikundi vya kusikilizia, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kazi yake. Baada ya kipindi kwisha watu walizungumza, wakaamua la kufanya katika kijiji chao, kama vile kuchimba vyoo au kufyeka majani yaliyoota karibu na nyumba. Kwa maneno mengine, sauti ilitoka mbali, lakini kujifunza kulitendeka pale walipoketi watu.

Baadaye vilikuja vyuo vyenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwaka 2023. Katikati ya hayo ulitokea mwezi wa Machi 2020, ambapo vyuo vya Kenya na Tanzania vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na walimu wengi wakajikuta wakizungumza na kioo cha kompyuta bila ya kujiandaa. Mwezi huo huo Charles Hodges na wenzake wa Marekani waliandika wakionya kwamba mafundisho ya dharura namna hiyo yasichukuliwe kuwa ndiyo mafundisho ya mtandao. Onyo hilo lingali lafaa. Wengi waupimao ufundishaji huu waupima kwa yale waliyoyaona mwaka ule. Nayo ni sawa na kulipima jahazi kwa siku ya tufani.

2. Umbali Ni Nini?

Michael Moore, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya kabla ya kwenda Marekani, alitoa rai ambayo wataalamu wengi wameifuata tangu miaka ya 1970. Alisema kwamba umbali katika elimu haupimwi kwa maili. Ni pengo la kuelewana lililopo kati ya mwalimu na mwanafunzi, nalo hupanuka au hupungua kwa mambo matatu: mazungumzo yao, mpango wa somo, na uwezo wa mwanafunzi wa kujiendesha mwenyewe. Mazungumzo yakizidi, pengo hupungua. Mpango ukiwa mgumu usiogeuka, pengo hupanuka. Na kadiri pengo lilivyo pana, ndivyo mwanafunzi atakiwavyo kujitegemea zaidi.

Börje Holmberg wa Sweden alikuja na rai iliyo jirani na hiyo: kwamba hata maandishi ya somo yafaa yawe kama mazungumzo, yaani msomaji ahisi kuna mtu anayesema naye. Kwa wenye kuandika Kiswahili neno hili lina uzito, kwa kuwa lugha yetu ya chuo imezoea mno kauli ya kutendwa. Tazama sentensi hii: “Mwanafunzi anatarajiwa kubainisha mofimu zilizomo katika vitenzi vilivyoorodheshwa.” Nani anatarajia? Anamwambia nani? Sasa tazama hii: “Chukua kitenzi pika. Kigeuze kiwe pikia, kisha pikiana. Kila ulipoongeza kitu, maana iligeuka vipi?” Sentensi ya kwanza ni tangazo lililobandikwa ukutani; ya pili ni mwalimu. Hakuna mtambo uliohitajika ili kuigeuza ile iwe hii.

Mwaka 2000 Garrison, Anderson na Archer, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliyakusanya mambo haya katika aina tatu za kuwapo: kuwapo kwa fikra, kuwapo kwa wenzi, na kuwapo kwa mwalimu. (Nasema kuwapo, wala sisemi “uwepo”, ugomvi wa maneno hayo mawili una mahali pake.) Waswahili walikwisha kusema: Asiyekuwapo na lake halipo. Mwalimu wa mtandao asiyeandika neno wiki mbili hayupo, hata kama mihadhara yake yote imewekwa pale tangu siku ya kwanza.

Basi ishara za kuwapo ni zipi? Ni mambo madogo yasiyokosa siku yake. Barua fupi kila Jumatatu, yenye kusema wiki iliyopita tulifika wapi, ni kosa gani lilitokea mara nyingi, na wiki hii tunatafuta nini. Swali lililoulizwa lijibiwe katika muda uliotangazwa, tuseme siku mbili, na muda huo uheshimiwe. Mwanafunzi aitwe kwa jina lake. Na yule ambaye hajaonekana kwa siku kumi aandikiwe yeye mwenyewe kabla hajapotea kabisa, kwa sababu katika ukumbi kiti kitupu huonekana, lakini katika mtandao asiyekuwapo haachi kiti.

3. Kupanga Somo

Kanuni ya kwanza ya mpango ni kwamba wiki zote zifanane umbo. Mwanafunzi aliyerudi kutoka kazini saa mbili za usiku asitumie nusu saa kutafuta somo limewekwa wapi. Kila wiki ianze na swali moja kubwa, kisha maandishi ya kusoma, kisha sauti au picha, kisha zoezi, kisha mjadala. Na kila kipande kiandikwe chahitaji muda gani. Mwalimu aseme wazi: “Kazi ya wiki hii ni saa sita.” Asipoupima muda huo mwenyewe, atawatwika wanafunzi mzigo asioujua.

Kanuni ya pili ni ufupi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchunguzi wa mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walitazama video za masomo, wakaona kwamba muda wa kati wa kutazama haukupita dakika sita, hata video ikiwa ndefu namna gani. Haifuati kwamba akili ya mwanafunzi ni dhaifu. Yafuata kwamba mhadhara wa saa nzima, ambao ukumbini hushikwa na macho ya mwalimu, na maswali, na hata mizaha yake, ukipigwa picha hubaki mhadhara usio na kitu cha kuushika. Ukatwe vipande, na baina ya vipande viwili liwekwe swali.

Kanuni ya tatu ni hesabu ya gharama, na hili walimu wengi walio karibu na mtandao wa chuo hulisahau. Video itumiayo kilobiti 1,000 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa moja. Sauti ya kusema tu, ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hula megabaiti 14.4 kwa saa hiyo hiyo. Tofauti yapita mara thelathini, nayo hulipwa kutoka mfuko wa mwanafunzi anunuaye bando la simu. Ikiwa uso wa mwalimu hauongezi maarifa, usiuzwe kwa bei hiyo. Video na iwekwe pale jicho linapohitajika, kwa mfano kuonyesha midomo na ulimi vinavyofanya kazi. Penginepo sauti na maandishi yatosha. Hata wiki ya vipindi vya mubashara yafaa iwe na rekodi ndogo ya sauti kwa ajili ya yule ambaye umeme ulimkatikia.

4. Somo la Sauti

Hapa ndipo wapinzani huona wameshinda. Fonetiki, wasema, yataka sikio la mwalimu na mdomo wa mwanafunzi mahali pamoja. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa mfano.

Katika lahaja ya Kimvita neno paa la mnyama hutamkwa kwa mpumuo, na paa la nyumba halina mpumuo. Vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto. Maandishi yetu sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo. Kadhalika hayaonyeshi mkazo: barabara ipitayo magari na barabara kwa maana ya “sawasawa” huandikwa namna moja, lakini mkazo wa ile uko katika silabi ya pili kutoka mwisho, na wa hii uko katika ya tatu kutoka mwisho. Mwanafunzi akipewa maandishi peke yake hawezi kuyajua haya.

Lakini mtandao si maandishi peke yake. Mwalimu arekodi jozi hizo katika vipande vya sekunde kumi kumi. Kipande kama hicho, kikiachwa bila kubanwa, hakifiki megabaiti moja. Na ni lazima kiachwe hivyo, kwa sababu kubana sauti hupunguza hasa zile sehemu za juu tunazozihitaji ili kutenganisha s na th. Mwanafunzi asikilize, kisha ashike ukanda mwembamba wa karatasi mbele ya midomo yake, aseme neno, na atazame: penye mpumuo karatasi itatikisika. Kisha ajirekodi kwa simu, apeleke sauti yake, na mwalimu amjibu kwa sauti pia. Mwenye kompyuta aweza kuipima sauti yake kwa programu ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, nayo hutolewa bure.

Tulinganishe sasa. Katika chumba cha wanafunzi sitini, ni wangapi hutamka neno wakasikiwa na mwalimu, mmoja mmoja, katika muhula mzima? Kwa njia niliyoieleza kila mmoja husikiwa, na rekodi yake ya wiki ya kwanza yaweza kuwekwa kando ya ile ya wiki ya kumi na mbili. Kazi ya mwalimu imeongezeka, hilo sikatai. Lakini imeongezeka mahali pafaapo.

5. Maswali na Kumbukumbu

Wanafunzi wengi hudhani kusoma ni kurudia kusoma. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa watu maandishi ya kusoma. Wengine wakayasoma tena, na wengine wakafunika wakaandika walichokumbuka. Walipojaribiwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipojaribiwa baada ya siku mbili, na baada ya wiki moja, waliojiuliza ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma humpa mtu faraja ya kujua. Kujiuliza humpa kujua kwenyewe.

Mtandao waifaa kazi hii kuliko darasa, kwa kuwa swali fupi laweza kuwekwa kila mahali na kusahihishwa papo hapo. Walakini swali liwe la kufikirisha. Kuuliza “Ngeli ya kwanza ni ipi?” ni kuuliza jina tu. Afadhali mwanafunzi apewe sentensi mbili: “Vifaru wawili wamevuka mto,” na “Vifaru viwili vimevuka mto,” aulizwe ni ipi iliyo sahihi. Atakayejibu haraka ataichagua moja. Atakayefikiri ataona kwamba zote ni sahihi: ya kwanza ni wanyama, ya pili ni magari ya vita, na kwamba upatanisho wa Kiswahili haufuati kiambishi cha nomino peke yake, bali huangalia pia uhai wa kitu kinachotajwa. Swali moja namna hiyo hufanya kazi ya kurasa tatu. Tena lirudishwe baada ya wiki mbili kwa nomino nyingine, kwani kilichoulizwa mara moja husahauliwa mara moja.

6. Majadiliano

Mjadala wa maandishi hufa kwa sababu moja kubwa: swali lililoulizwa halina haja ya mtu wa pili. Mwalimu akiandika, “Jadili mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili,” wa kwanza atanakili kitabu, wa pili atasema anakubaliana na wa kwanza, na wa thelathini hatakuwa na la kusema. Wanafunzi hawakuwa wavivu. Swali ndilo lililokuwa limekwisha kabla hawajafika.

Swali zuri huhitaji vichwa vingi. Mfano ni huu: “Amina alimwandikia dada yake barua.” Je, barua ilikwenda kwa dada, au dada ndiye aliyetaka barua iandikwe, ikaenda kwa mtu mwingine? Kila mwanafunzi aseme alivyoielewa mara ya kwanza, kisha atunge sentensi mbili zenye umbo hilo, moja yenye utata na moja isiyo nao, na aeleze utata umeondolewa na nini. Hapo kila jibu huleta kitu kipya, na nadharia ya kauli ya kutendea hutoka katika mikono yao wenyewe.

Nami nataka kusema jambo ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Kwa somo la isimu, umbali wa wanafunzi si hasara tu, ni mali. Darasa la chumbani huwakusanya watu wa lahaja mbalimbali na, baada ya mwaka, wote husema Kiswahili cha chuo. Darasa la mtandao humwacha kila mtu pale lugha inaposemwa. Mwanafunzi aliyeko Lamu atasikia mato pale mwenzake wa Morogoro asikiapo macho; wa Mombasa ataleta ndia kwa njia; wa Lubumbashi ataleta batu na bintu, ambapo wengine wasema watu na vitu. Mwalimu akiwapa wote orodha moja ya maneno ishirini, wakawauliza wazee wa mahali pao kwa ruhusa yao, wakarekodi na kuandika jina la mahali, basi katika wiki moja darasa litakuwa na ramani ya lahaja ambayo mtafiti mmoja angeitafuta kwa miezi. Mjadala utakaofuata hauhitaji kusukumwa. Kwa nini ba- hapa na wa- pale? Ni umbo la kale lililobakia, au ni athari ya lugha jirani za Kibantu? Maswali haya ni ya kweli, na mwanafunzi hujua kwamba ni ya kweli.

Katika mjadala mwalimu asiwe mwepesi wa kujibu kila neno. Akijibu kwanza, wengine hunyamaza. Na aache siku tatu zipite, ila akiona upotofu mkubwa. Kisha mwisho wa wiki akusanye yaliyosemwa, awataje waliosema, na aonyeshe swali gani limebaki. Makundi yawe madogo, watu wanane au kumi, ili ukimya wa mtu uonekane.

7. Kusahihisha

Tumeona kwamba kadi ya Pitman ilirudi. Usahihishaji ndio moyo wa mafundisho ya mbali, nao una sharti mbili. Ya kwanza ni kuwahi. Sahihisho lifikalo baada ya mwezi ni kumbukumbu za wafu: mwanafunzi amekwisha kusahau alifikiri nini alipoandika. Ya pili ni kusema sababu. Alama nyekundu peke yake haifundishi, na wakati mwingine hukosea. Mwanafunzi aliyeandika “vifaru vimeharibika” akikatwa bila kuulizwa, mwalimu ndiye aliyekosa. Aandikiwe: “Kama wakusudia magari, umesema sawa, kama wakusudia wanyama, tazama tena upatanisho wa viumbe wenye uhai.”

Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili atauliza atapata wapi muda. Jibu ni kwamba makosa ya wanafunzi mia mbili si mia mbili. Aghalabu ni sita au saba yarudiayo. Asome kazi thelathini za kwanza, ayaandike makosa hayo kwa urefu na mifano, awapelekee wote, kisha katika kila kazi aandike sentensi mbili tu zimhusuzo mwenyewe. Ama chuo kimpacho mwalimu mmoja wanafunzi elfu bila msaidizi, kisha kikaita hayo mafundisho ya mtandao, kinauza karatasi.

8. Mtihani na Mashine Ziandikazo

Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea programu ziwezazo kuandika insha kwa amri ya maneno machache. Kiswahili chenyewe hakijaafikiana juu ya jina lake: wako wasemao akili bandia, wako wasemao akili mnemba, na wako wasemao akili unde. Kwa jina lolote, zimeuvunja mtihani wa insha uandikwao nyumbani. Kuwakamata wadanganyifu kwa programu nyingine si tegemeo, kwa kuwa programu hizo zaweza kumshutumu asiye na hatia, na chuo kitakuwa kimemhukumu mtu kwa ushahidi kisioweza kuueleza.

Njia iliyo salama zaidi ni kubadilisha kinachoulizwa. Mashine yaweza kueleza mnyambuliko. Haikuwako nyumbani kwa bibi yake mwanafunzi alipotamka neno. Kazi iwe juu ya data aliyoikusanya mwenyewe, pamoja na rekodi zake. Itolewe kwa hatua: orodha, kisha uchambuzi wa kwanza, kisha makala, ili mwalimu aione ikikua. Na mwisho pawe na mazungumzo ya dakika tano kwa simu: “Kwa nini uliiweka sentensi hii katika fungu la pili?” Aliyeifanya kazi atajibu, hata kwa kigugumizi. Mazungumzo hayo, kwa bahati njema, ni mafundisho pia, wala si ulinzi tu.

9. Hitimisho

Mwaka 2009 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa ripoti, ikaisahihisha mwaka 2010, iliyolinganisha matokeo ya tafiti nyingi. Ilionekana kwamba, kwa wastani, waliosoma kwa mtandao walifanya vyema kidogo kuliko waliosoma ana kwa ana, na waliochanganya njia zote mbili walinufaika zaidi. Lakini waandishi wenyewe walionya kwamba faida hiyo isihesabiwe kuwa ya mtambo, kwa sababu aghalabu wanafunzi hao walipata muda zaidi na vifaa zaidi. Richard Clark alikwisha kulisema neno kama hilo mwaka 1983: chombo ni mchukuzi tu, na kinachofundisha ni njia ya kufundishia.

Kwetu sisi wenye kazi ya lugha limebaki jukumu moja ambalo hakuna mwingine atakayetutimizia, nalo ni la istilahi na mtindo. Kiswahili kimekwisha kujipatia pakia na pakua, jozi nzuri ifuatayo kanuni ya kutendua iliyomo katika lugha tangu zamani, na kila mtu huielewa bila kufasiriwa. Yakiwezekana hayo, yawezekana na mengine: miongozo ya masomo iandikwe kwa Kiswahili kinachosema na mtu, na maagizo ya mazoezi yasiwe tafsiri ngumu za Kiingereza. Somo la isimu ya Kiswahili ambalo mwanafunzi hulazimika kulifasiri ndipo alielewe lina umbali mwingine juu ya ule wa kwanza.

Ama wale wenzetu wa methali, jawabu letu ni hili. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli. Wala nasi hatushauri kufundisha kwa kurusha fimbo. Twashauri mwalimu amkaribie mwanafunzi kwa barua isiyokosa siku, kwa swali lenye haja ya jibu, kwa sauti irudiyo, na kwa sahihisho lenye sababu. Idara yoyote itakayo kuanza muhula ujao na ianze na somo moja tu, ilipange wiki kwa wiki, ihesabu gharama zake kwa mwanafunzi aliye mbali kabisa, na iandike wangapi walianza na wangapi walimaliza. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo itakayosema kama tulikuwa tukifundisha.